Mwalimu Anafika Nyumbani, Kisima Kimebaki Tope

Matokeo ya darasa la saba yakitoka na shule fulani ikashika mkia, au video ya mwalimu akimchapa mwanafunzi kupita kiasi ikizunguka kwenye simu zetu, mjadala hugawanyika palepale siku zote. Upande mmoja: walimu wa siku hizi hawana wito, wamefuata mshahara. Upande wa pili: walimu wamechoka, tuwaelewe. Wote wanalitumia neno "kuchoka" kana kwamba maana yake ni moja, kumbe kila mtu ana yake kichwani. Kuna uchovu wa aliyelima tangu alfajiri. Kuna uchovu wa mgonjwa. Kuna ule wa vijana wa mjini, wakisema "jamaa kachoka" wanamaanisha mfukoni hamna kitu. Na kuna uchovu wa namna nyingine kabisa, ambao umewashika walimu wengi na mara nyingi wao wenyewe hawajui wauiteje. Tuuite uchovu wa kihisia. Huo ndio nitakaouzungumzia, kwa sababu tusipoutambua tutaendelea kuutibu kwa dawa ya kitu kingine.

Uchovu wa mwili una tabia nzuri: ukila na kulala, unaondoka. Aliyeshusha magunia ya mahindi sokoni leo, kesho anaamka na nguvu zake. Uchovu wa kihisia hauondoki kwa usingizi. Mtu analala usiku mzima na anaamka na uzito uleule aliolala nao. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, linaueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Linataja dalili tatu za kuutambua: ya kwanza, mtu anaishiwa nguvu; ya pili, moyo wake unajitenga na kazi na anaanza kuiona vibaya; ya tatu, anajiona hafanyi tena lolote la maana. Zingatia kwamba shirika hilo halikuuita ugonjwa. Limeuweka kama hali inayozaliwa na kazi, kwa hiyo anayetaka kuuelewa inabidi aitazame kazi yenyewe, asiishie kumtazama mfanyakazi.

Dalili ya pili ndiyo inayotupotosha sisi tulio nje. Mwalimu aliyekuwa anajua majina ya watoto wote, hata ya mama zao, sasa anawaita "hawa". "Hawa hawafundishiki." Anaingia darasani, anaandika ubaoni, anatoka. Mzazi akimwona anasema huyu ana dharau. Mimi naona kiganja cha mkulima. Mpini wa jembe ukikisugua kila siku, mwanzoni kinatoka malengelenge, halafu kinaota sugu, na penye sugu maumivu hayasikiki tena. Moyo nao hujikinga hivyohivyo. Kwa kusema hivi simtetei mwalimu anayemjeruhi mtoto. Kosa ni kosa na sheria ipo. Ninachosema ni kwamba sugu ina historia, na ukiifuata unafika mahali ambapo ingewezekana kuzuia.

Fikiria kisima cha kijiji wakati wa kiangazi. Usiku maji yanapanda polepole. Waliowahi alfajiri wanachota maji safi, wanaokuja saa tatu wanapata ya vuguvugu yenye mchanga, na anayefika mchana anakwaruza tope. Kisima hakijafa. Kimechotwa kuliko kinavyojaa, na kama usiku nao kuna watu wanachota, kesho alfajiri hata wa kwanza atapata tope. Mwalimu anachotwa tangu mstarini asubuhi: mtoto aliyekuja bila kula, wawili waliopigana njiani, msichana anayelia na hataki kusema kwa nini, mzazi aliyekuja na hasira, mkaguzi aliyekuja bila taarifa. Kila mmoja anataka kitu kutoka moyoni mwake, na hapaswi kuonyesha kwamba kinaisha. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliliandikia jambo hili mwaka 1983, akitumia mfano wa wahudumu wa ndege: kuna kazi ambazo sehemu ya ujira wako ni kwa ajili ya kuutawala uso na hisia zako, utabasamu wakati ungependa kunyamaza, utulie wakati ungependa kulia. Mhudumu wa ndege akishuka, abiria wake wanakwenda zao. Wanafunzi wa mwalimu watakuwapo kesho, na kesho kutwa, mpaka Desemba.

Jioni, kwenye foleni ya kisima hicho, wa mwisho kabisa ni watoto wake mwenyewe.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Sisi watoto tulijifunza kuisoma siku yake kwa jinsi alivyokitua kikapu cha madaftari mlangoni. Akikiweka taratibu, tulimkimbilia. Akikidondosha, tulijua twende kucheza kwa jirani kwanza. Hakuwa mama mkali. Alikuwa amekwisha kwa siku ile, na madaftari yalikuwa bado yanamsubiri.

Hapo tunafika kwenye neno la pili linalohitaji kufafanuliwa: mgongano wa kazi na familia. Watu wengi wakilisikia wanafikiri ni ugomvi wa mke na mume kuhusu kazi. Maana yake ni pana kuliko hivyo. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, waliueleza kuwa ni hali ambapo madai ya kazi na madai ya nyumbani yanagongana kiasi kwamba kutimiza moja kunafanya la pili kuwa gumu. Wakaonyesha kuwa mgongano huo unapitia milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni muda, na huu kila mtu anauona. Mwalimu wa zamu anatakiwa awe shuleni kabla ya wanafunzi, na anaondoka baada ya wa mwisho kuondoka. Wiki hiyo nani anawaandaa watoto wake? Halafu kuna usahihishaji, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Chukua darasa la wanafunzi 90, ambalo katika shule nyingi za umma si la ajabu, ingawa kiwango kinachotajwa kwa shule za msingi Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 40. Ukigawanya, kila mtoto anapata chini ya nusu dakika. Sasa mwalimu ametoa zoezi, na daftari moja analisahihisha kwa dakika mbili tu. Madaftari 90 ni dakika 180, yaani saa tatu nzima. Akiwa na mikondo miwili ni saa sita. Andalio la somo la kesho bado. Saa hizo hazimo kwenye ratiba ya shule, hazilipwi kwa jina lake, na mahali pekee zinapoweza kutoka ni nyumbani, kati ya chakula cha jioni na usingizi. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa ada na michango waliingia darasani, na hilo ni jema, sitaki lieleweke vinginevyo. Ila walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Tofauti hiyo imelipwa na mtu, na mara nyingi imelipwa na jioni za familia za walimu.

Mlango wa pili ni moyo. Mwalimu yupo nyumbani, amekaa, muda anao, lakini hayupo. Mtoto wake anamsimulia jambo la kule kwao darasani naye anaitikia "ehee" huku akimuwaza yule msichana aliyelia. Mlango huu unafunguka pande zote mbili. Usiku akiwa amekesha na mtoto mwenye homa, asubuhi anasimama mbele ya wanafunzi 90 akiwa na akili iliyobaki kitandani kwa mgonjwa.

Mlango wa tatu ni tabia, nao ndio unaozungumzwa kidogo zaidi. Sauti inayotuliza darasa la watu 90 ni sauti ya amri. Mtu anayeitumia siku nzima anashindwa kuivua akifika kwake. Mtoto wa mwalimu anapomwambia mama yake "mimi siyo mwanafunzi wako," ameeleza kwa maneno manne jambo ambalo wataalamu wameliandikia kurasa nyingi.

Sasa hoja ya wito. Inasemwa kwamba mwenye wito wa kweli hachoki, na kwamba walimu wa zamani walifundisha chini ya mwembe bila kulalamika. Nchi hii imempa baba wa taifa lake cheo cha "Mwalimu" na kukifanya kuwa jina, kwa hiyo naelewa neno wito lina uzito gani kwetu. Lakini tazama uchovu huu ulipoelezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu. Ilikuwa 1974, na aliyeandika ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya bure jijini New York. Aliowaona wakiishiwa hawakuwa wavivu wala waliofuata mshahara. Walikuwa watu wa kujitolea, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walikuja kwa wito, wakatoa bila kipimo, wakakauka. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley aliendeleza kazi hiyo na mwaka 1981, pamoja na Susan Jackson, akatoa dodoso ambalo mpaka leo linatumika duniani kuupima uchovu huu. Wito, kwa kweli, ndio unaomfanya mtu achote bila kuangalia kina. Asiyejali hachoki hivi, hana alichokitoa.

Wengine husema ni mambo ya walimu wa kike. Ni kweli kwamba jikoni na kwenye ulezi mzigo mkubwa bado umewalalia wanawake, na mwalimu wa kike akitoka shuleni anaanza zamu ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini anastahili hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Lakini saa mbili hizo zina maana gani kwa mwalimu anayeishi mbali na shule kwa sababu karibu na shule hakuna nyumba ya kupanga? Na baba? Sheria hiyohiyo ilimpa siku tatu. Kenya, makubaliano ya mwaka 2021 hadi 2025 kati ya tume ya walimu na vyama vyao yalipandisha likizo ya mama mwalimu kutoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka 14 hadi 21. Baba anayepewa siku tatu anaambiwa kimyakimya kwamba nyumbani hahitajiki. Kisha tunashangaa mzigo umeelemea upande mmoja.

Walimu wa kiume wana kidonda chao, nacho kinaitwa kituo cha kazi. Kijana anaajiriwa, anapangiwa halmashauri iliyo mikoa mitatu kutoka kwa mkewe ambaye naye ni mtumishi. Mshahara mmoja unagawanywa kwenye majiko mawili, nauli za kwenda na kurudi mwisho wa mwezi, na mara nyingi mkopo wa kuziba pengo, ukikosea mlango unaingia kwenye ule wa riba kubwa unaoitwa kausha damu. Yanaanza maombi ya uhamisho kwa sababu ya "kufuata mwenza". Barua inakwenda, inakaa. Anamwona mtoto wake akikua kwa picha. Mtu huyu ukimkuta darasani amenuna usidhani ni jeuri tu.

Kuna jambo kuhusu hili ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe 5 Oktoba kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1966, jijini Paris, yalipitishwa mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu. Tunaimba nyimbo siku hiyo, tunavaa fulana, lakini maandishi yenyewe wachache wameyasoma. Ndani yake mna sehemu nzima kuhusu walimu wa kike wenye majukumu ya familia. Inapendekeza waweze kupata kazi karibu na makwao, na wanandoa ambao wote ni walimu wafundishe eneo moja au hata shule moja. Inataja mpaka vituo vya kulelea watoto wa walimu pale panapofaa. Mwaka 1966! Hata hivyo mwaka 2018 tume ya walimu ya Kenya ilianza kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, mbali na maeneo ya nyumbani kwao. Sababu zilizotolewa zilikuwa za utaifa na usimamizi bora. Malalamiko ya familia zilizotenganishwa yalifika hadi bungeni, na baada ya miaka kadhaa sera ikalegezwa. Sisemi mwalimu asipangiwe mbali. Watoto wa vijiji vya mbali nao wanahitaji mwalimu. Nasema kumtenga mtu na familia yake kuna gharama, na anayesaini barua ya kumpangia kituo aihesabu gharama hiyo pamoja na ya mizigo.

Je, msaada kazini ni nini hasa? Hapa pia pana mkanganyiko, maana tukisikia "msaada" tunafikiria fedha. Mshahara mzuri na nyumba ya mwalimu ni mambo ya msingi na vyama vya walimu viendelee kuyadai. Lakini ukimuuliza mtu kinachojaza kisima chake siku kwa siku, atakutajia vitu vidogo. Mwenzake aliyesema "nenda kamwone mtoto, kipindi chako nitakishika." Mkuu wa shule aliyesikiliza tatizo mpaka mwisho kabla ya kutaja kanuni. Kujua mapema zamu yako ni wiki gani. Kuambiwa kwamba darasa lako limesoma vizuri, mbele ya wenzako, na mtu aliyeingia kuliona. Na haki: walimu wanastahimili mzigo mzito kuliko tunavyodhani iwapo wanaona umegawanywa sawa, ila mzigo mwepesi unaogawanywa kwa upendeleo huwavunja.

Ofisi za walimu zetu zina utajiri mmoja mkubwa. Mwalimu akifiwa, kabla ya saa mbili kupita daftari limeshazunguka, kila mtu ameandika jina na kiasi, wajumbe wa kwenda msibani wamechaguliwa, vipindi vimegawanywa. Harusi hivyohivyo, kujifungua hivyohivyo. Tunajua kubebana. Tatizo ni kwamba uchovu wa kihisia hauna siku ya tukio. Haupigi simu usiku kusema umefika. Unamlowesha mtu polepole kama manyunyu, na kwa kuwa hakuna msiba, daftari halizunguki. Aliyefiwa anapewa wiki. Aliyeishiwa anapewa barua ya kujieleza kwa nini amechelewa. Nguvu ile ile inayotupeleka msibani ingeweza kuelekezwa kwa mwenzetu aliyeacha kucheka tangu mwezi wa tatu, na wala haihitaji mchango.

"Si wana likizo ndefu?" Swali hili linaulizwa kwa nia njema na nalichukua kwa uzito. Juni na Desemba zipo, ingawa kwa walimu wa madarasa ya mitihani mara nyingi zinaliwa na makambi na masomo ya ziada. Lakini hata likizo iliyo kamili haitoshi. Tafiti za watu wa kazi mbalimbali zimeonyesha tena na tena kwamba nafuu ya likizo hufifia ndani ya wiki chache baada ya mtu kurudi kwenye mzigo uleule. Kisima kikipumzishwa mwezi mmoja kinajaa, ni kweli. Ukirudi na ndoo zilezile kwa idadi ileile, tope utaliona kabla mwezi wa pili haujaisha. Ndiyo maana semina ya siku moja ya kuwafundisha walimu kupumua vizuri na kunywa maji, peke yake, huwaudhi wengi wao kuliko kuwasaidia. Inawaambia tatizo liko kwenye mapafu yao.

Tuutenganishe uchovu huu na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa kuwa kuvichanganya kunaweza kugharimu maisha. Uchovu wa kihisia unahusu kazi. Mtu akiwa mbali na shule, kwenye harusi ya ndugu yake, bado anaweza kufurahi. Sonona haina mpaka huo: inafuata kila mahali, inaondoa ladha ya chakula, ya watoto, ya ibada. Uchovu ukiachwa muda mrefu unaweza kuandamana na sonona. Mwenzako akianza kusema hakuna maana ya kuishi, hali hata vyakula alivyovipenda, halali kwa wiki kadhaa, hapo ratiba nyepesi haitoshi. Msindikize hospitali ya wilaya au ya mkoa akaonane na mtaalamu, siku hiyohiyo.

Kwa yaliyobaki, mengi yanaamuliwa karibu sana na ubao kuliko tunavyodhani. Januari shule zinapofunguliwa, mwalimu wa taaluma huketi na karatasi kubwa na penseli kupanga ratiba ya vipindi. Anaangalia masomo, mikondo, idadi ya vyumba. Kabla penseli haijagusa karatasi, angeweza kuzunguka ofisini na kumuuliza kila mwalimu swali moja: asubuhi unamwacha nani, wapi? Yule mwenye mtoto mchanga angeondolewa kipindi cha kwanza. Anayemuuguza baba yake angepangiwa zamu wiki ambayo dada yake yupo nyumbani. Na darasa la tano lingesoma hisabati ileile, kipindi cha tatu badala ya cha kwanza, kwa mwalimu aliyefika akiwa na maji kisimani.